Mabuti ya Mungu wa Jua

Mmeniomba niandike kumbukumbu zangu za kazini. Nilijaribu kukataa kwa adabu ya Minnesota, yaani kusema "tutaona" huku navaa koti, lakini hamkuelewa. Basi nimeandika, tena kwa Kiswahili. Katika ghala la jumba letu la makumbusho wanaokisoma sasa ni wawili, dada yetu wa Bukavu na kaka yetu wa Nakuru. Wengine mtumie mashine ya kutafsiri. Mimi nilisoma kanuni zenu za usalama kwa Kiingereza, kurasa zote, ukiwemo ule unaomfundisha mtu mzima kupanda ngazi.

Habari za vyeo sitaandika, kwa kuwa sikupata. Za mshahara vilevile, kwa sababu hiyohiyo.

Kabla ya kuja kwenu nilikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Crystal, kama Wakenya wenzangu wengi. Sisi watu wa Kisii tukifika jimbo hili tunapokewa na koti zito, maombi ya mchungaji na fomu ya kozi ya uuguzi, kwa mpangilio huo. Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa, hadi mgongo ukaanza kulalamika. Nikaona tangazo kwamba makumbusho yanatafuta mtu wa kubeba na kufungasha vitu. Kwenye usaili wakaniuliza kama nina uzoefu wa kuhamisha vitu vya kale, vizito, vinavyovunjika upesi. Nikajibu kwamba nimewatoa wazee wa miaka tisini kitandani hadi bafuni na sijamvunja hata mmoja. Wakacheka. Sikuwa natania, lakini walipocheka nami nikacheka, na kazi nikapata. Mgongo haukushirikishwa katika uamuzi huo.

Siku ya kwanza ilikuwa Januari, miaka ya 2010 ikiwa bado michanga. Nilitoka Brooklyn Center kwa basi nimevaa viatu vya kanisani, vyeusi, vinang'aa, nyayo zake laini kama kipande cha sabuni. Kutoka kituoni hadi mlango wa wafanyakazi nilianguka mara tatu. Mlinzi alinitazama nikijikung'uta theluji, akaniuliza kama nimekuja kuanza kazi au kudai fidia.

Mkuu wa karakana aliitwa Arne. Alikuwa mrefu, mkimya. Babu zake walitoka Norwei na nadhani maneno waliyaacha hukohuko. Alinipa glavu, futi ya utepe na sentensi moja: "Kabla hujagusa kitu, jiulize kinataka kuangukia upande gani." Halafu akanyamaza hadi chakula cha mchana. Jina langu ni Nyakundi. Walijaribu kulitamka asubuhi moja nzima, kisha wakakubaliana kuniita Nick, na mimi sikuwemo kwenye makubaliano.

Kazi yetu kubwa, kando ya kubeba masanduku, ilikuwa kutengeneza vishikizo. Kishikizo ni chuma kinachozuia sanamu isianguke. Unakata fito ya shaba, unaikunja kidogo kidogo ifuate mwili wa sanamu, unachomelea vidole vidogo vya kukumbatia ukingo, unavivika mpira mwembamba visikwaruze, kisha unavipaka rangi ya jiwe. Hapo kwenye rangi Arne alinirudisha mara nyingi. Rangi moja haitoshi, hutumika tatu au nne, kwa brashi ya nywele chache, kwa sababu jiwe la rangi moja halijapata kuumbwa. Ukimaliza vizuri mgeni hakioni chuma kabisa. Yaani ukiifanya kazi yako ipasavyo, hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo. Nilikuwa mhamiaji. Mafunzo hayo nilikuwa nayo tayari.

Sasa niwaeleze kuhusu Surya, maana najua ndiyo habari mnayoitaka.

Surya ni mungu wa jua wa Wahindu. Sanamu yetu ilichongwa mashariki ya India karne ya tisa au ya kumi, kwenye bamba la jiwe la kijivu linaloelekea kuwa jeusi, kimo chake cha kunifika kifuani. Amesimama wima, taji kichwani, ua la yungiyungi lililochanua katika kila mkono. Chini yake farasi saba wanavuta gari lake, na mbele ya miguu yake ameketi dereva, ambaye kwa masimulizi yao alizaliwa bila miguu kamili. Na Surya amevaa mabuti. Miungu mingine ya Kihindu husimama pekupeku. Huyu ana mabuti marefu ya kupandia farasi, kwa kuwa sura yake hiyo, wanasema wataalamu, ilitoka nchi za baridi upande wa kaskazini. Watoto wa shule waliyapenda mabuti hayo kuliko kitu kingine chochote jumbani. Nami niliona haki yao. Katika jengo lote la miungu, wafalme na watakatifu, alikuwa peke yake aliyevaa kwa kuijua Januari.

Msimamizi wa sehemu ya Asia alikuwa Dakta Carolyn, mama mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na zote akizitafuta. Alikuwa ameandika kuhusu mabuti hayo kwa miaka. Alipopewa ukumbi mpya aliamua Surya awe katikati, na mabango yakachapishwa, picha ya mabuti peke yake, yakabandikwa hadi kwenye vituo vya basi. Akaletwa pia mbunifu wa ukumbi kutoka mji mwingine, jamaa anaitwa Preston, aliyevaa skafu ndani ya nyumba. Preston alitaka Surya "aelee." Jiwe hilo tulikuwa tunalisogeza watu wanne na winchi. Alitaka lishikwe na pini mbili tu mgongoni, chini pasiwe na kitu.

Nikatumwa nipime mgongo wa sanamu na kuifuta vumbi. Sasa, mimi nimekulia Tabaka, kule mawe laini ya Kisii yanakochimbwa na kuchongwa. Mtoto wa kwetu hushika msasa kabla ya kalamu. Na jiwe la Surya, nilipolishika, niliona ni binamu wa jiwe la nyumbani, gumu kidogo tu. Nikafuta kwa pamba yenye unyevu kama nilivyoelekezwa. Jiwe likilowa lote huwa jeusi, kisha hukauka na kurudi kijivu. Lakini chini ya magoti palibaki mstari mweusi, umekata bamba kutoka ukingo hadi ukingo, na haukukauka. Kwetu mstari kama huo ukiuona unaliweka jiwe kando, kwa sababu maji yamepata pa kukaa: ni ufa.

Nikapiga hodi kwa kifundo cha kidole. Juu ya mstari jiwe liliitika wazi. Chini yake liliitika kwa sauti ya kopo lililojaa uji. Nikapitisha pamba tena kwenye mabuti, ikatoka na hudhurungi. Nikainusa.

Ilikuwa rangi ya viatu.

Harufu hiyo naijua vizuri kuliko harufu ya jikoni kwa mama yangu. Nikiwa kijana pale Tabaka tulichonga viboko na vinyago, na kulikuwa na mnunuzi mmoja aliyelipa vizuri zaidi kwa vitu "vya kale." Basi tukampatia vya kale. Ukimaliza kuchonga Jumatatu unavunja pembe kidogo, unachemsha kwenye majani ya chai, unazika kwenye mavi ya ng'ombe, na Jumamosi unamalizia kwa rangi ya viatu mchanganyiko, nyeusi na kahawia, ukiipasha moto kidogo iingie kwenye mikunjo. Wiki moja, miaka mia tatu. Nilikuwa fundi mzuri wa hiyo miaka.

Kwa hiyo niliyatazama mabuti kwa jicho la mwenzangu aliyeyatengeneza, popote alipokuwa. Katika mikunjo kulikuwa na mikwaruzo sambamba ya tupa. Mgongo wa farasi mmoja ulikuwa umelainishwa kwa msasa. Taji, maua na mikono vilikuwa vya kale kweli. Kuanzia chini ya magoti, mabuti, dereva na farasi wote saba, ilikuwa kazi ya juzi.

Siku mbili sikumwambia mtu. Ya tatu nikamwambia mke wangu, tukiwa mezani.

"Si useme?" akasema.

"Nikisema wataniuliza nimejuaje, Mama Moraa."

"Si uwaambie umejuaje?"

"Niwaambie kwamba mtu wanayemwachia funguo za ghala alikuwa anaghushi vitu vya kale?"

Mke wangu ni muuguzi. Huwa hapotezi muda kwa kidonda kidogo. "Baba Moraa, hilo jiwe wanataka kulining'iniza kwa pini mbili, na watoto wa shule watajipanga chini yake kuangalia viatu. Likimwangukia mtoto wa mtu, wewe utamwambia nini mamaye? Kwamba uliona aibu?" Kisha akaniuliza kama naongeza mboga.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Dakta Carolyn, Preston, Arne na mimi, na sinia la biskuti, maana kwenu jambo lolote baya lazima lisindikizwe na biskuti. Preston alionyesha mchoro wa Surya akielea. Nikanyanyua mkono nikasema sanamu ina ufa wa kukata kabisa chini ya magoti, na haiwezi kushikwa mgongoni tu.

Dakta Carolyn alifungua faili. "Hapa imeandikwa ni kipande kimoja, kamili. Imeandikwa tangu ilipotolewa zawadi."

"Aliyeandika hakulowesha jiwe," nikasema.

"Nick," akasema Preston, kwa sauti ya mtu anayemwongelesha farasi mwenye wasiwasi, "tunaheshimu sana uzoefu wako."

Mkiambiwa hivyo, vijana, jueni mmekwisha. Hapo nikaona hakuna njia ya mkato. Nikawaeleza yote, Tabaka, chai, mavi ya ng'ombe, rangi ya viatu. Nikasema mabuti hayo yamechongwa na mtu aliyetumia tupa ya dukani, na nayajua kwa kuwa hata mimi nimefanya kazi hiyo, kwa pesa. Preston akachukua biskuti, akairudisha.

Dakta Carolyn alikuwa ameiva uso. "Unasema kwamba mabuti ni bandia?"

"Ndiyo, Dakta."

"Mabuti yaliyo kwenye mabango?"

"Hayohayo."

"Kwa sababu ya harufu."

"Harufu, na tupa, na ufa."

Aligeuka kwa Preston, akasema ratiba haiwezi kusimama kwa ajili ya harufu, sanamu iinuliwe Jumatatu kama ilivyopangwa. Ndipo Arne, ambaye alikuwa akiangalia dirishani muda wote, akasema maneno mawili.

"Mimi siinui."

Na winchi, mjue, ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye cheti cha kuiendesha.

Nilirudi karakana nikaanza kukusanya vikombe vyangu, kwa kudhani siku zangu zimefika ukingoni. Arne aliniona, akavichukua, akavirudisha kwenye rafu. Hakusema kitu, ya siku hiyo alikuwa ameshayamaliza. Nikiwa nimesimama hapo Dakta Carolyn akaingia peke yake. "Nionyeshe," akasema.

Tukaenda ghalani. Nikalowesha pamba, nikapitisha, tukangoja. Jiwe likakauka, mstari ukabaki. Nikampa pamba nyingine apitishe mwenyewe kwenye buti la kushoto. Aliipeleka puani, akafumba macho. Akasema polepole, "Baba yangu alikuwa akipiga viatu rangi kila Jumamosi." Halafu akatoka bila kuniangalia.

Surya akapigwa picha za eksirei, kama mgonjwa wangu yeyote wa zamani. Ndani ya magoti palionekana fito ya chuma iliyopita juu hadi chini, ina hesi, ile mizunguko ya skrubu, kutoka mwanzo hadi mwisho, hesi za kiwandani, sawasawa kabisa. Karne ya kumi ilikuwa na mengi, lakini duka la vifaa vya ujenzi nadhani halikuwepo. Mabango yakabanduliwa. Preston alirudi mjini kwake na skafu yake. Mimi sikufukuzwa, wala sikupongezwa. Dakta Carolyn aliendelea kunisalimia kila asubuhi, ila meno yaliyoonekana yalipungua, na sikumlaumu. Mtu ameandika kuhusu kitu miaka na miaka, kisha anakuja mbeba masanduku na pamba. Nilimkuta mara moja kwenye korido amesimama mbele ya bango lililosahauliwa ukutani, analibandua pembeni kwa ukucha. Nikapita kimya kimya. Hata mimi nina adabu ya Minnesota nikitaka.

Kutenganisha sanamu kulichukua siku tatu. Mtaalamu wa kutibu mawe alikuja na dawa ya kulainisha gundi, akaipaka, akafunga plastiki, tukangoja. Arne alikuwa kwenye winchi, mikanda minne, sponji kila upande. Mimi kazi yangu ilikuwa kuweka viganja chini ya magoti ya mungu na kusema anapoanza kuachia. Mnaniuliza nilihisi nini. Nilihisi uzito. Mtu anayeshika jiwe kubwa hana nafasi ya kuhisi mengine. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, likatoa mlio mdogo, nikasema "sasa," na Arne akainua upana wa kidole, kisha kidole kingine, hadi Surya akawa juu na mabuti yake yamebaki chini.

Ule ukingo uliovunjika ulikuwa umepakwa lipu nene, iliyotiwa rangi, kuficha kiungo. Kuiondoa ilikuwa kazi ya kijiti, pamba na subira. Dakta Carolyn aliomba aifanye mwenyewe pamoja na mtaalamu; nadhani alitaka kumalizana nayo. Mimi nilishika taa. Walifanya upande wa kulia, pakatoka jiwe lililovunjika, basi. Wakahamia kushoto. Lipu ikabanduka kwa vipande vidogo, na kwa pembe niliyosimama nikaona kitu. Punje moja. Kisha nyingine pembeni yake. Mstari wa punje ndogo za jiwe, kama ushanga, umezunguka muundi wa mguu, na chini ya ushanga mwanzo wa pindo.

Nikausogeza mwanga kidogo tu, uangukie pale kwa ubavu.

Dakta Carolyn aliacha kufuta. Alivuta miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile ya machoni. Kijiti kikamwanguka.

"Ni ukingo wa buti," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada, "Nick, alikuwa nayo! Alikuwa na mabuti!"

Kimo cha vidole viwili, mguu wa kushoto pekee. Ndicho kilichobaki cha mabuti ya kweli, na kilikuwa kimefunikwa kwa lipu na mtu aliyekuwa anatengeneza mabuti ya uongo. Alikuwa amebuni kwa kufuata desturi, akaupata ukweli, kisha akaufukia ili kazi yake isionekane. Dakta Carolyn alilia, mtaalamu akalia. Arne alikuja kutazama, akainama, akakaa ameinama muda mrefu, akasema, "Haya." Kwa Arne hiyo ilikuwa hotuba.

Kishikizo nilikitengeneza mimi. Dakta Carolyn alitaka safari hii kionekane, chuma cheusi bila rangi ya jiwe, kitanda kipana chini ya magoti na mkono mmoja mgongoni, ili mgeni ajue mungu huyu ameishiwa miguu na anashikiliwa. Ilikuwa mara ya kwanza kazi yangu kuonekana, na nilikuta mkwaruzo kwenye uchomeleaji ambao hakuna mwingine aliyeuona, nikakosa usingizi kwa ajili yake. Mke wangu alikuja siku ya ufunguzi na kina mama watatu wa kanisani. Walisimama mbele ya Surya kwa heshima iliyolingana na vitambaa vyao vya kichwa. Mmoja akauliza kwa nini tumemweka mtu aliyekatwa miguu katikati ya ukumbi. Nikamwonyesha ule ushanga kwa tochi. Akatazama, akamgeukia mke wangu: "Kwa hiyo Baba Moraa kazi yake ni kutafuta viatu?"

"Ndiyo," mke wangu akasema. "Na vya kwake nyumbani havioni."

Sasa kuhusu ile sehemu ya chini. Kulikuwa na maneno. Wengine walisema itupwe, wengine irudishwe kwa familia iliyotoa zawadi, ambayo ilijibu kwa barua fupi kwamba haihitaji. Dakta Carolyn akaamua ibaki kwa wanafunzi kujifunzia, na akaniuliza kama naweza kuitafutia sanduku. Nilimwambia nitaifanyia zaidi. Nilikunja shaba, nikachomelea vidole, nikavivika mpira, nikavipaka rangi nne hadi vikapotea kwenye jiwe, kama Arne alivyonifundisha. Arne mwenyewe alistaafu mwaka uliofuata, na hii ndiyo kazi ya mwisho aliyonikagulia. Hakuuliza kwa nini natumia wiki nzima kwa kitu cha bandia. Farasi wa tatu kutoka kushoto amegeuza shingo, anamwangalia mwenzake, na hakuna sababu ya kufanya hivyo ila kwamba aliyemchonga aliwahi kumtazama farasi.

Iko rafu ya chini, safu ya mwisho kabla ya mlango wa jenereta, kwenye sanduku la mbao lisilo na picha. Mkitaka kuitoa iwe watu wawili. Msiishike kwa farasi, vichwa vyao ni vyembamba. Pitisheni mikono chini kabisa, mnyanyue kwa nguvu ya magoti yenu, na kabla ya yote muangalie inataka kuegemea wapi. Huegemea kushoto.